Geji ya mvuto: tuichague, tuifunge, tuisome



Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini Tanzania. Mwaka uliofuata, Mafia yetu ilikuwa mojawapo ya wilaya sita zilizochaguliwa kutangulia katika kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Tangu wakati ule tunasema: kusoma si barua na gazeti tu. Mizani ya mbata inasomwa. Kadi ya kliniki ya mtoto inasomwa. Leo tutajifunza kusoma kitu kingine, nacho ni geji ya mvuto kwenye pampu ya maji.

Wengi wetu tumeona mambo haya. Pampu inafanya kazi vizuri, kila mtu anachota. Siku moja maji yanatoka kidogo. Watu wanasema, "Aa, injini imechoka." Mafuta yanaongezwa, injini inakazwa mwendo. Baada ya juma moja pampu inakufa kabisa. Fundi akija anakuta chujio la chini limejaa majani na mchanga. Kazi ya nusu saa imeua pampu nzima, na kina mama wamerudi kubeba ndoo kutoka mbali.

Pampu ile haikufa ghafla. Ilikuwa na dalili siku zote. Geji ndiyo inayoonyesha dalili hizo, na daftari ndilo linalozitunza. Hilo ndilo somo letu.

MVUTO NI KITU GANI?

Tuanze na dafu. Ukitia mrija ndani ya dafu na kunyonya, maji yanapanda mpaka mdomoni. Unadhani umeyavuta. Kweli ni kwamba umeondoa hewa ndani ya mrija, na hewa ya nje ikayasukuma maji yapande.

Wazee wanaojua kupiga chuku wanalifahamu jambo hili. Mpiga chuku anaweka pembe juu ya ngozi, ananyonya hewa kwa tundu la juu, halafu anaziba tundu. Ngozi inavimba na kuingia ndani ya pembe. Hewa ndani ya pembe imepungua, basi mwili unasukumwa kujaza nafasi hiyo.

Mahali palipopungukiwa na hewa namna hiyo wataalamu wanapaita ombwe. Sisi katika somo hili tutasema mvuto. Hewa ikipungua sana, tutasema mvuto umekaza. Ikipungua kidogo, tutasema mvuto umelegea.

Mwaka 1644 mtaalamu wa Italia, Evangelista Torricelli, alieleza katika barua kwamba sisi binadamu tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Sisi watu wa kisiwani tunaelewa upesi. Mzamiaji akienda chini, maji yanambana masikio. Hewa nayo ina uzito na inabana kila kitu. Ndiyo inayosukuma maji ya kisima yapande kwenye bomba.

Lakini nguvu ya hewa ina mwisho. Hapa Mafia, kwenye usawa wa bahari, hewa inaweza kuinua maji mita 10 na kidogo tu, hata ukileta injini kubwa namna gani. Mahali pa juu kama Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na mwisho wake ni mita 8 hivi. Na katika kazi za kila siku hatufiki mwisho huo, kwa sababu maji yanapoteza nguvu yakipita kwenye chujio, vali na viungo vya bomba. Kwa pampu iliyo juu ya ardhi tusipange kunyonya zaidi ya mita 7.

ONYO KUBWA: Wapo watu ambao maji yakishuka chini sana huteremsha injini ya petroli au dizeli ndani ya kisima ili iwe karibu na maji. Tusifanye hivyo hata kidogo. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kisimani haina pa kutokea. Anayeshuka anaishiwa nguvu kabla ya kujua kuna hatari, na anayemfuata kumwokoa anakufa naye. Maji yakiwa chini kuliko mita 7, dawa yake ni pampu ya kuzamisha ndani ya maji, inayokwenda kwa umeme au kwa nguvu za jua. Injini ibaki juu, mahali penye upepo.

GEJI INAFANYAJE KAZI?

Geji ya kawaida ina uso kama wa saa, namba na mshale. Ndani kuna kibomba chembamba cha shaba kilichopindwa kama mwezi mwandamo. Hewa ikipungua ndani ya kibomba, kinajikunja zaidi. Ncha yake inavuta meno madogo, na meno yanageuza mshale. Haina betri wala umeme. Mfaransa Eugène Bourdon ndiye aliyeandikisha uvumbuzi huu mwaka 1849, na mpaka leo geji nyingi duniani zinatengenezwa hivyo.

Juu ya uso wa geji utaona herufi zinazoonyesha kipimo. Geji nyingi zimeandikwa bar. Nyingine zimeandikwa kPa, nyingine inHg, yaani inchi za zebaki. Tusichanganyikiwe. Mvuto kamili kwenye usawa wa bahari ni karibu bar 1, ambayo ni karibu kPa 100, au inchi 30 za zebaki.

Kwa hesabu ya kijijini tushike jambo moja: kila mita 1 ya kuinua maji ni karibu bar 0.1. Mita 3 ni bar 0.3. Mita 7 ni bar 0.7. Mbele ya namba za mvuto utaona alama ya kutoa, kama -0.3. Maana yake ni kwamba tumepungua chini ya hewa ya kawaida. Sifuri ni hewa ya kawaida.

KUCHAGUA GEJI

Ukienda dukani usiseme tu "nipe geji". Muuzaji atakupa yoyote iliyo karibu. Angalia mambo haya matano.

1. Iwe ya pande mbili. Geji ya mvuto tupu inaonyesha kutoka sifuri mpaka -1 basi. Lakini pampu yetu ikizimwa, maji ya kwenye tangi yanaweza kurudi na kusukuma bomba la kunyonyea. Tangi likiwa mita 12 juu ya pampu, msukumo huo unaweza kufika bar 1.2. Geji ya mvuto tupu itaharibika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tununue geji inayoonyesha mvuto upande mmoja na msukumo upande wa pili, kama ile ya -1 mpaka 3.

2. Uso wake uonekane. Geji ndogo sana inawasumbua wenye macho ya uzeeni. Uso wa milimita 100 unasomeka vizuri bila kuinama.

3. Iwe na glisirini ndani. Ni glisirini ile ile ya kujipaka. Injini inatikisa bomba, na mshale unacheza kama majani ya mnazi wakati wa kusi. Glisirini inautuliza mshale na kulinda meno ya ndani.

4. Kasha lake liwe la chuma kisichoshika kutu. Upepo wetu una chumvi. Kasha la bati jembamba halitadumu.

5. Sehemu za ndani zikubaliane na kitu kinachopimwa. Kwa maji ya kisima, shaba inafaa. Kwa mitambo mikubwa ya barafu inayotumia amonia, shaba haifai, kwa sababu amonia inaila. Huko wanatumia geji ya chuma maalumu.

KUFUNGA GEJI

Kazi hii aifanye fundi, lakini kamati ya maji isimame pale na kuona.

Kwanza, injini izimwe na ipoe.

Pili, geji iwekwe kwenye bomba la kunyonyea, karibu na mahali maji yanapoingia kwenye pampu. Isiwekwe kwenye kona ya bomba, maana pale maji yanazunguka na mshale hautulii. Wala isiwekwe upande wa chini wa bomba, kwa sababu mchanga utaziba tundu lake. Iwe juu au ubavuni, imesimama wima.

Tatu, kati ya bomba na geji iwekwe koki ndogo. Koki hiyo inatuwezesha kuitoa geji bila kubomoa bomba. Pia tukishasoma tunaifunga, geji ipumzike na mtikisiko.

Nne, nyuzi za kiungo zizungushiwe ule utepe mweupe wa mafundi wa bomba. Utepe usizibe tundu.

Tano, geji ikazwe kwa spana kwenye shingo yake yenye pembe nne. Ukishika kasha na kulizungusha kwa mkono, utavunja kitu ndani usichokiona.

Sita, tutafute mahali hewa inapopenya. Hapa panahitaji akili. Bomba la kusukuma likitoboka, maji yanaruka nje na kila mtu anaona. Bomba la kunyonyea likitoboka, hakuna tone linalotoka. Ni hewa inayoingia ndani, kimya kimya. Basi pampu ikiwa inakwenda, tupake povu zito la sabuni kwenye kila kiungo. Pale povu linapofyonzwa ndani, pana tundu. Tuwe mbali na mkanda na sehemu zinazozunguka. Mwenye kanga au shuka aifunge vizuri kwanza.

NAMBA YA AFYA

Geji ikishafungwa, na chujio likiwa safi, tunatafuta namba ya afya ya pampu yetu. Kila pampu ina yake.

Tufunge jiwe kwenye kamba, tuiteremshe kisimani wakati pampu inakwenda, tupime kutoka kwenye geji mpaka uso wa maji. Tuchukue mfano wa kisima kifupi hapa Baleni. Kamba inaonyesha mita 3. Kwa hesabu yetu, hiyo ni bar 0.3. Tuongeze nguvu inayopotea kwenye chujio na bomba, tuseme bar 0.1. Jumla ni bar 0.4. Mshale ukikaa hapo, geji na kamba vimepatana.

Kisha tupime maji. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde ngapi? Tuseme 10. Sasa tunazo namba tatu: geji 0.4, kamba mita 3, ndoo sekunde 10. Tuziandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Juu ya kioo tutie alama ya rangi ya kijani penye 0.4, na alama nyekundu penye 0.6.

Kila asubuhi, pampu ikishakwenda dakika 10, mwendesha pampu aandike tarehe, namba ya geji na sekunde za ndoo. Kamba ipimwe mara moja kwa juma. Kazi hii haizidi dakika 5.

MSHALE UNASEMA NINI?

Namba moja peke yake haisemi kitu. Mtu akikwambia "geji inasoma 0.5", huwezi kujua kama ni heri au shari. Lazima ujue jana ilisoma ngapi. Ndiyo maana tunaandika. Hebu tuone.

Mshale umetoka 0.4 mpaka 0.55 kwa siku moja au mbili. Ndoo inachukua sekunde 15. Kamba bado ni mita 3. Maji ya kisima hayakushuka, lakini pampu inavuta kwa shida. Chujio la chini limeziba. Zima, toa, safisha.

Mshale umetoka 0.4 mwezi wa Juni mpaka 0.5 mwezi wa Oktoba, pole pole. Kamba ni mita 4. Chujio halina kosa. Maji ya kisima yameshuka kwa kiangazi. Hapa tukumbuke kwamba sisi ni watu wa kisiwani. Maji baridi ya visima vyetu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Tukivuta kwa pupa, maji baridi yanapungua na chumvi inapanda kutoka chini. Kisima kikishaingia chumvi, kupona kwake huchukua muda mrefu. Kwa hiyo tupunguze saa za kupampu, tupumzishe kisima katikati ya siku, na habari impate mhandisi mapema.

Mshale umerudi karibu na sifuri, kama 0.2, na unachezacheza. Maji yanatoka na mapovu. Hewa inaingia mahali fulani kwenye bomba la kunyonyea. Rudi kwenye povu la sabuni.

Mshale umeshuka kidogo tu, kama 0.33, umetulia, na ndoo inachelewa kujaa. Huenda koki ya kwenda tangini haijafunguliwa yote, au bomba la huko limeziba. Kama ni wazi, basi gurudumu la ndani la pampu limelika. Mwite fundi.

Mshale uko sifuri, injini inanguruma, maji hakuna. Bomba limebaki na hewa tupu. Zima mara moja, maana pampu ikizunguka bila maji inaungua. Huenda vali ya chini haishiki. Itengenezwe, bomba lijazwe maji, ndipo uwashe tena.

Mshale umevuka alama nyekundu, na pampu inalia kama imemeza kokoto. Zima. Mvuto umekaza mno hata maji yanachemka yakiwa baridi. Msishangae. Hewa ikipungua, maji huchemka kwa joto dogo. Viwanda vya sukari, kama vile vya Kilombero, hutumia siri hiyo kwa faida. Maji ya miwa huchemshwa ndani ya vyungu vikubwa vilivyopunguzwa hewa, ili sukari igande bila kuungua, na geji ya mvuto ndiyo inayomwongoza mpishi wake. Kwenye pampu yetu ni hasara tupu. Mapovu yanapasuka juu ya chuma na kukila kidogo kidogo.

KUITUNZA GEJI

Geji nayo inaweza kusema uongo. Tuichunguze hivi.

Kila mwezi, pampu ikiwa imezimwa, funga koki ndogo, legeza geji kidogo hewa iingie. Mshale lazima urudi sifuri. Ukikwama penye 0.1, namba zako zote zina kosa la 0.1. Andika kosa hilo daftarini, na mpango wa kununua nyingine uanze. Ukimaliza, kaza geji na ufungue koki.

Mshale ukiganda, gonga kioo polepole kwa kidole. Usigonge kwa spana.

Kila juma futa kioo na kasha kwa kitambaa chenye maji baridi, kuondoa chumvi. Glisirini ikivuja, au kioo kikiingia ukungu ndani, geji hiyo imekwisha.

Mara moja kwa mwaka, geji yetu ilinganishwe na nyingine iliyo nzima. Tangu mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Kamati ikienda kuomba msaada kwao, isiende mikono mitupu. Iende na daftari. Ukimwambia mhandisi "pampu mbovu", itabidi aje kutafuta ugonjwa. Ukimwonyesha kwamba tarehe 3 geji ilikuwa 0.4, tarehe 5 ikawa 0.55 na kamba haikubadilika, anajua aje na nini mkononi.

Geji ni bei ndogo ukiilinganisha na pampu. Lakini isiposomwa ni pambo la bomba. Katika kila kijiji wapo wanakisomo, kina mama na kina baba, wanaoweza kushika daftari hili. Kamati ichague wawili, ili mmoja akiugua au akisafiri kwenda Kilindoni, mwenzake aandike.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini bomba la kunyonyea likitoboka hatuoni maji yakivuja?

2. Kamba inaonyesha mita 5 kutoka kwenye geji mpaka majini. Nguvu inayopotea ni bar 0.1. Geji isome ngapi?

3. Juma lililopita geji ilisoma 0.4. Leo inasoma 0.6, na kamba haikubadilika. Utafanya nini kwanza?

4. Katika kijiji chenu, nani anaandika habari za pampu? Daftari liko wapi?

Majibu ya hesabu: Swali la 2, bar 0.6, yaani -0.6 kwenye uso wa geji. Swali la 3, zima pampu, safisha chujio.

MANENO YA SOMO

Chujio: kifaa chenye matundu madogo, kinachozuia uchafu kuingia kwenye bomba.
Koki: kifaa cha kufungulia na kufungia njia ya maji.
Ombwe: mahali palipopungukiwa au pasipo na hewa.
Vali ya chini: mlango mdogo mwisho wa bomba la kunyonyea, unaoruhusu maji kupanda na kuyazuia kurudi kisimani.